Mavazi ya Dorkasi: Mtu Aliyejitoa kwa Wengine Akifa, Anatudai Nini?



Katika Matendo ya Mitume 9:36-42 tunasoma habari za mama mmoja wa mji wa Yafa. Jina lake Tabitha, na kwa Kigiriki Dorkasi. Hakuwa mtume wala nabii. Kazi yake ilikuwa kuwatendea mema maskini. Akaugua, akafa. Wakamwosha, wakamlaza katika chumba cha juu, wakatuma watu wawili kumwita Petro. Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia. Sasa tazameni vizuri jambo walilolifanya. Luka hatuelezi kwamba mmoja wao alitoa hotuba, wala kwamba walimtungia wimbo. Anasema walimwonyesha Petro mavazi ambayo marehemu aliwashonea wakati alipokuwa hai pamoja nao.

Wajane wale walikuwa na ushuhuda wa kushika kwa mkono. Mmoja alisema, kanzu hii ni yake. Mwingine akasema, na hii niliyovaa. Katika makao yetu tumezika wamama wengi wa namna ile, nasi mara nyingi tumelia, tumesifu, tumekula chakula cha matanga, tumerudi nyumbani. Kwa hiyo nataka tuulizane swali moja ambalo si jepesi. Mtu aliyetumia maisha yake kwa ajili ya wengine akifa, anatudai nini? Tukimlilia na kumsifu, je, tumekwisha kumlipa?

HABARI ZA MAMA MASIKA

Ili tusizungumze hewani, nitachukua mfano wa mtu aliyejulikana, wa jimbo letu hili la Kivu ya Kusini. Ni Mama Rebecca Masika Katsuva, aliyezaliwa mwaka 1966 huko Katana. Hatuulizi alisali katika kanisa gani. Bwana Yesu alipotoa mfano wa Msamaria, alituonyesha kwamba jirani hutambulikana kwa tendo lake.

Mama Masika alikuwa na mume, watoto na nyumba. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Walimwua mume wake, wakamnajisi yeye pamoja na binti zake. Wapendwa, ninaandika maneno haya kwa uzito, maana najua kwamba katika parokia zetu wako wanaoyasoma kama habari yao wenyewe. Na balaa haikuishia hapo. Jamaa ya mume ilimkataa. Mtu aliyepigwa na adui akafukuzwa tena na watu wake.

Mwanadamu wa kawaida angesema: Nimeumia, sasa ni zamu ya wengine kunisaidia. Na angekuwa na haki kusema hivyo. Lakini Mama Masika, baada ya kupata nguvu kidogo ya kusimama, alianza kuwatafuta wamama wengine waliopatwa na yale yaliyompata. Huko Buganga karibu na Minova, upande wa ziwa Kivu, alifungua nyumba ya kuwasikiliza. Akaanzisha chama cha watu walionyimwa kila kitu, walioungana ili waendelee. Wamama walifika pale wakiwa wagonjwa, wengine wenye mimba, wengine waliokwisha kufukuzwa na waume zao. Aliwapeleka kwa waganga, aliwapa mahali pa kulala, na pamoja nao alishika jembe wakalima. Watoto waliozaliwa katika taabu ile na kukataliwa, aliwachukua kuwa wake. Wanaojua kazi yake wanasema wamama waliopita mikononi mwake walizidi 6,000.

Wenye silaha hawakufurahi. Alishambuliwa tena, zaidi ya mara moja, kwa sababu ya kazi ile. Hakuiacha. Mwaka 2010 tawi la Marekani la Amnesty International lilimpa tuzo inayoitwa Ginetta Sagan. Mwezi wa 11 mwaka 2012, askari waliokimbia kutoka Goma walipowatendea mabaya zaidi ya wamama na wasichana 100 huko Minova, yeye alikuwa karibu kuwapokea. Tarehe 2 Februari 2016 aliaga dunia, akiwa hajafika miaka 50.

JE, LAZIMA CHUNGU KIJAE NDIPO KIMIMINE?

Hapa kuna jambo la kutafakari. Sisi watu wa Fizi tumezoea kusema: Nikipata, nitatoa. Nikipona, nitasaidia. Vita vikiisha kabisa, nitafikiri juu ya wengine. Tunafikiri kwamba utoaji ni kama chungu: lazima kijae kwanza, kisha kile kinachozidi kimwagike kwa jirani. Kwa hesabu hiyo Mama Masika hakupaswa kutoa chochote, maana chungu chake kilikuwa kimevunjwa.

Lakini Bwana Yesu alipokaa karibu na sanduku la sadaka, Marko 12:41-44, hakumsifu aliyetoa cha kuzidi. Alimwonyesha mjane aliyetoa alichohitaji yeye mwenyewe. Wazee wetu wa Kiswahili nao walisema: Kutoa ni moyo, si utajiri. Mtu aliyelala njaa anaijua njaa kuliko mwenye ghala. Mama aliyefukuzwa anajua maneno ya kumwambia aliyefukuzwa, na pia anajua wakati wa kunyamaza. Jeraha lenyewe halimfanyi mtu kuwa mwema. Wengi walioumizwa wamegeuka kuwa wakali, tena wengine walishika silaha. Lakini jeraha likikabidhiwa kwa Mungu, huwa mlango ambao mwingine aliyejeruhiwa anaweza kupita.

Basi neno la kwanza ni hili: tusimsifu mtu kama Mama Masika kwa namna ya kujificha. Tunapomwita malaika, mara nyingi tunataka kusema kwamba yeye hakuwa kama sisi, kwa hiyo hatuwezi kuombwa alichofanya. Huo ni ujanja wa moyo. Yeye alikuwa mama wa Katana, aliyeugua malaria kama sisi, aliyetafuta chakula cha kesho kama sisi. Tukimpandisha juu sana, tumempeleka mahali ambapo mfano wake hautugusi tena.

MAMA YETU MWILU

Sisi watoto wa kanisa hili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu wa jambo hili. Mwezi wa 9 mwaka 1921 Papa Simon Kimbangu alikamatwa na serikali ya Wabelgiji. Alikaa gerezani miaka 30, akafia huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Wakati huo wote nani alibeba? Ni mke wake, Mama Mwilu Marie. Serikali ilimchunguza, waumini walifungwa na kuhamishwa mbali na nyumba zao, naye aliendelea kuwalea watoto watatu na kuwatia moyo watu waliokuja kwa siri.

Angalieni tarehe. Mama Mwilu alikufa tarehe 27 Aprili 1959. Kanisa lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba ya mwaka ule ule. Miezi minane tu! Alipanda miaka yote, hakuona mavuno. Angeweza kuuliza: Nimejitoa kwa ajili ya nini?

Lakini ninyi mnajua kilichofuata. Waumini hawakukaa chini kulia tu. Walishika kazi. Shule zilijengwa, nyumba za waganga zilijengwa, mashamba yalilimwa, na wamama wa kanisa wakawa mkono wa kuume wa kila parokia. Hiyo ndiyo maana ya yale maneno matatu tunayofundishwa tangu utoto: Upendo, Amri na Kazi. Upendo ungeweza kukaa mdomoni. Kazi ndiyo inayoutoa nje. Mama Mwilu anakumbukwa kila mwaka, lakini ukumbusho wake mkubwa ni kwamba mzigo wake haukuachwa barabarani.

NENO LA WANAOPINGA

Sasa nasikia mtu mwenye busara akisema: Mwandishi, unatufundisha kujiua. Mama Masika alikufa mapema. Amri ya Mungu inasema kumpenda jirani kama nafsi yako, si kuiangamiza nafsi yako kwa ajili ya jirani. Je, ni haki mtu mmoja abebe maumivu ya watu 6,000?

Neno hili si la kudharau. Ninakubali kwamba si haki. Lakini tuulize kosa liko wapi. Je, liko kwa aliyebeba, au kwa waliomtazama akibeba? Katika Kutoka 18, Musa alikaa tangu asubuhi hata jioni akiamua maneno ya watu, na watu wamesimama foleni mbele yake. Mkwe wake Yethro alipoona hakumsifu. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye na watu pia, na kwamba lazima wachaguliwe wengine wa kushika mzigo pamoja naye. Yethro hakumwambia Musa aache kazi. Aliwataka wengine waingie.

Hapo ndipo jibu. Mtu anayejitoa hakosei. Jamii inayomwachia kila kitu ndiyo inayokosa. Katika kila kijiji chetu kuna mama mmoja ambaye kila mtu anamjua. Mgonjwa akiletwa hospitali bila ndugu, anaitwa yeye. Mtoto akibaki yatima, anapelekwa kwake. Maiti ya mgeni ikihitaji kuoshwa, anatumwa mtu kubisha mlango wake. Na kwa sababu hakatai, tunaendelea kumpelekea. Tunasema ana kipaji cha Mungu. Kweli anacho. Lakini je, Mungu alimpa yeye kipaji cha kutoa, na sisi akatupa kipaji cha kutazama?

Kuna namna ya sifa ambayo ni wizi. Unamsifu mtu kwa ukarimu wake ili aendelee kutoa, nawe uendelee kuweka chako. Siku akifa, unalia kwa nguvu, maana sasa hujui mtoto yule utampeleka wapi.

HAPA KWETU

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya Minova, mbali na sisi. Usiku wa Mwaka Mpya wa 2011, pale Fizi, wamama wengi walinajisiwa na askari. Mwezi wa 2 mwaka ule mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka. Wamama walisimama wakashuhudia, na askari wakahukumiwa pamoja na mkubwa wao. Ilikuwa jambo kubwa, na tunamshukuru Mungu kwa ushujaa wa wamama wale. Lakini hukumu hailei mtoto. Hakimu akikwisha kufunga kitabu chake na kupanda gari, mama anarudi kijijini, na kule kijijini ndiko anakutana na hukumu ya pili, ile ya mume, ya mama mkwe, ya majirani kwenye kisima. Hukumu ya kwanza ilimpa haki. Ya pili, ni sisi tunaoitoa.

Na wengi wetu tunajua maana ya kupokelewa. Vita vya 1996 na 1998 vilitutawanya. Wengine walivuka ziwa Tanganyika hata kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, wakakaa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2005 mashua zilipowarudisha Baraka, walikuta nyumba zimeanguka na mashamba yamekuwa pori. Nani aliwapa moto wa kuwasha jiko la kwanza? Nani aliwaazima jembe? Ni watu ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Kila mmoja wetu, tukiwa wakweli, amevaa nguo ambayo Dorkasi fulani alimshonea.

Kwa hiyo narudi kwenye swali. Aliyejitoa anatudai nini? Hatudai machozi, ingawa machozi ni halali, na wajane wa Yafa hawakukatazwa kulia. Hatudai sifa, maana alipokuwa hai hakuzitafuta. Anatudai mambo mawili. La kwanza ni kukiri: kusimama na kuonyesha nguo, kusema waziwazi kwamba nilikuwa uchi akanivika, bila kuona haya kwamba niliwahi kuwa uchi. La pili ni kushika sindano. Dorkasi alifufuliwa, akarudi kwa wajane wake. Mama Masika hakurudi. Mama Mwilu hakurudi. Wamama wetu tuliowazika Lulimba hawakurudi hata sasa, nasi tunangoja ufufuo wa siku ya mwisho. Kati ya leo na siku ile, wajane watavaa nini kama hakuna anayeshona?

TUFANYE NINI?

Wapendwa, neno lisilofika kwenye mikono ni kelele. Naomba kila parokia ifikiri juu ya mambo haya.

Kwanza, tumtafute aliye hai. Yule mama ambaye wote mmemfikiria mlipokuwa mnasoma, msingoje matanga yake. Wiki hii mtu aende kulima mstari mmoja katika shamba lake la mihogo. Mtu ampelekee kuni. Mtu alale hospitali kwa zamu yake ili yeye alale nyumbani usiku mmoja. Kikwembe kipya akivae akiwa hai, kisiwe cha kumfunikia tu.

Pili, tuangalie nsinsani yetu. Tunashindana kutoa kwa furaha, wababa upande huu, wamama upande ule, vijana nao, na hesabu inasomwa mbele ya watu wote. Ni jambo zuri, na kazi za kanisa zimejengwa kwa njia hiyo. Lakini nani anahesabu usiku ambao mama alikesha na mgonjwa asiye wake? Nani anahesabu sahani ya ugali na sombe iliyogawanywa kwa watoto sita badala ya wanne? Kwa nini vikundi vyetu visishindane pia katika zamu za hospitali na katika kulima mashamba ya wajane?

Tatu, na hili ni zito kuliko yote. Kama nyumbani mwako yuko mama, dada au mke aliyenajisiwa, au mtoto aliyezaliwa katika balaa ile, usimwite kwa jina la kosa la mtu mwingine. Aliyetenda dhambi ni yule aliyetenda. Sisi tunaovua viatu tunapoingia mahali pa sala, kwa heshima ya Mungu, tusimkanyage yule ambaye Mungu mwenyewe alimwumba. Mtoto huyo akiitwa kwa jina zuri, akikaa katika mduara wa wenzake shuleni ya Jumapili, Mama Masika amepata ukumbusho wake hapa Lulimba, hata kama hakuna jiwe lililoandikwa.

Mtu atasema, sisi ni wachache na hatuna kitu. Ndiyo. Wajane wa Yafa nao hawakuwa na kitu ila kanzu walizopewa. Walizionyesha, na mtume wa Mungu akapiga magoti.

Ee Mungu Baba, uwakumbuke watumishi wako waliochoka kwa ajili yetu. Uwape nguvu wanaobeba sasa, na utuonee haya sisi tunaotazama, hata tuinuke tukabebe pamoja nao. Kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.